Waya wa Kupita Uani

Mtu akiniambia leo kwamba kompyuta zilikuja kurahisisha kazi, mimi humtazama tu. Nilikuwapo zilipoingia ofisini kwetu Malindi, mwishoni mwa miaka ya themanini, na kazi ya kwanza ziliyonipa ilikuwa kutembea.

Ofisi yenyewe ilikuwa ndogo. Tuliwashikia wageni vyumba katika hoteli za pwani, kuanzia Bofa kule Kilifi mpaka huku kwetu, na kuwapangia magari ya kuwapokea. Tulikodi sehemu ya nyumba ya mawe katika mji wa kale. Mimi na karani wa magari tulikaa chumba cha mbele, kinachoelekea barabarani, kila mtu na kompyuta yake. Bosi alikaa chumba cha nyuma, chenye mlango wake wa kichochoroni, na kompyuta ya tatu. Katikati palikuwa na ua wa mwenye nyumba, na ua wa watu si njia. Kwa hiyo nilipotaka kumpa bosi habari za vyumba vilivyochukuliwa, nilizinakili kwenye diski, nikatoka mlango wa mbele, nikazunguka kona, nikampita muuza kahawa na fundi cherehani, nikaingia kichochoroni, nikabisha. Naye alikuwa na habari zake, alizozibadilisha kwa simu alizopokea mwenyewe. Nikirudi mbele na diski yake, karani wa magari ameshaandika mengine. Kompyuta tatu katika nyumba moja, na hakuna iliyojua mwenzake kasema nini.

Waliotuumbua ni maharusi. Walikuja fungate, wakafunguliwa mlango wa chumba chao kule Bofa, wakamkuta mzee wa Kizungu amejifunga taulo, anapiga mswaki. Mimi nilimwandika mzee, bosi akawaandika maharusi, chumba kile kile. Bibi harusi alilia pale mapokezi mpaka wapishi wakatoka jikoni kutazama. Siku hiyo hiyo washirika wetu wa ng'ambo, ambao ndio waliotuletea wageni na hizo kompyuta zenyewe, walipiga simu. Hawakugomba. Walisema kwa upole kwamba kompyuta ziunganishwe zisome kumbukumbu moja kabla msimu wa wageni haujaanza, la sivyo kazi yote itahamia ofisi yao ya Mombasa. Atakayetaka kuifuata kazi, aifuate.

Karani wa magari alisema yeye yuko tayari hata kesho. Mimi sikuwa tayari. Mama yangu alikuwa amepooza upande mmoja, na nyumba yetu ilikuwa mtaa wa pili kutoka ofisini. Kila adhuhuri nilikwenda kumgeuza, kumbadilisha na kumlisha, kisha nikarudi kazini. Nikiwa Mombasa ningemgeuzaje? Na nikiiacha kazi ningemlisha nini? Nilikuwa binti yake wa pekee, hakuwa na mtoto mwingine. Basi ndipo mimi, ambaye sikujua waya wa simu unatofautianaje na waya wa pasi, nikawa mtu anayeutaka muungano wa kompyuta kuliko mtu yeyote Malindi nzima.

Bosi wetu alikuwa mtu wa bara, mcha Mungu, mwema kabisa, na hakuweza kununua hata ndimu bila kuuliza watu. Alimwuliza meneja wa hoteli moja ya Bofa, akaambiwa anunue kisanduku chenye swichi. Akamwuliza mhasibu mmoja wa viwanda vya chumvi Gongoni, akaambiwa hewa ya chumvi itakula kila kitu, kwa hiyo asinunue chochote. Akampigia shemeji yake Nairobi, ambaye alifanya kazi benki na kwa sababu hiyo alidhaniwa anajua. Shemeji akasema anunue kadi. Kadi gani? Kadi tu. Jumapili aliuliza kanisani, na Jumatatu akaja na mawazo manne mapya. Kila jibu lilifuta la jana. Nilimsikiliza huku nikiitazama kalenda ukutani, roho inanipanda, na adabu ya kazi imenifunga mdomo.

Kisanduku ndicho kilichokuja kwanza. Kilikuwa na kitufe cha kuzungusha, na bosi alikizungusha huku na huku kwa furaha. Fundi aliyetoka Mombasa kuja kukifunga alikitazama, akamtazama bosi, kisha akanitazama mimi.

"Hiki ni cha printa," akasema. "Kompyuta tatu zitapiga chapa kwa printa moja, zikipokezana. Kusomana, hazitasomana."

"Lakini si zimeungana?" bosi akauliza.

"Zimeungana kwa printa, bwana. Mimi na wewe tukinyolewa na kinyozi mmoja, wajua mfukoni mwangu mna nini?"

Kisanduku kikawekwa juu ya kabati. Kwa haki yake, fundi alikaa akatueleza vizuri, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kunieleza jambo hilo bila kujisifu. Zilikuwako njia mbili. Ya kwanza, kila kompyuta iwe na waya wake mwenyewe unaokwenda kwenye sanduku la katikati. Waya mmoja ukiharibika, inanyamaza kompyuta moja tu. Lakini sanduku hilo liliagizwa ng'ambo, na lingetufikia msimu umeshapamba moto. Ya pili, kila kompyuta itiwe kadi ndani, kisha waya mmoja mnene, mfano wa ule wa antena ya televisheni, upite kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kila mwisho uzibwe kwa kizibo cha chuma. Hiyo ilipatikana Mombasa. Ubaya wake ni kwamba waya ukikatika popote, au kizibo kikitoka, zote zinanyamaza pamoja.

Tukachagua ya pili, kwa kuwa kalenda ilikuwa imeshatuchagulia. Bosi akasema atavifuata vifaa mwenyewe. Fundi alimtajia aina ya kadi, akarudia, akamwambia zote tatu ziwe za aina moja. Bosi akaenda, akauliza watu, akarudi na kadi mbili za aina moja na ya tatu ya aina nyingine, kwa sababu muuzaji alibakiwa na mbili tu na akamwapia kwamba ile ya tatu ni mamoja. Tundu la kuchomeka waya lilikuwa lile lile, la mviringo, la kupendeza. Fundi alihangaika nayo tangu asubuhi mpaka jasho likamlowesha shati. Kompyuta mbili zikaonana. Ya tatu ikakaa kimya kama si ya ukoo ule. Mwishowe akazing'oa kadi zote, akazipanga mezani.

"Bwana, tundu ni moja lakini hizi mbili na hii hazielewani, na hazitaelewana hata ukizisomea dua."

"Muuzaji alisema haina shida."

"Muuzaji ataka uende zako afunge duka."

Ikabidi kadi irudi Mombasa. Nilikwenda kumgeuza mama adhuhuri ile nikiwa nimekunja uso hata akaniuliza nimegombana na nani. Nikamwambia nimegombana na kadi. Akaninyamazia, kama alivyozoea kuninyamazia siku hizo.

Kadi sahihi ilipopatikana nilidhani tumemaliza. Kumbe palibaki jambo ambalo hakuna dukani anayeliuza, nalo ni njia ya kupitisha waya.

Mwenye nyumba alikuwa amefariki siku si nyingi. Sote tulikwenda kuhani, na bosi naye alikuja matangani, akakaa mkekani na watu vizuri tu. Mjane wake akaingia eda, akatawa ndani. Sasa bosi alipoamua kwamba waya utapita uani moja kwa moja, ndiyo njia fupi, alifanya la heshima: alimfuata kaka wa mjane pale barazani, akamwomba ruhusa.

"Hapana neno, bwana," kaka akamjibu. "Karibuni. Nyumba ni yenu."

Mtoto yeyote wa mji wetu angejua kwamba hapo hapajatolewa ruhusa. Umeomba kwa adabu, umejibiwa kwa adabu, na sasa mazungumzo ndiyo yanaanza. Watumwe wanawake kwa wanawake, jambo lizungukwe mpaka lipate mahali pa kukaa. Bosi alichokisikia ni ndiyo. Akaagiza waya ukatwe kwa kipimo cha kupita katikati ya ua, ncha zake zikafungwa kabisa kule kule dukani, na asubuhi moja akatokea mlangoni pa mjane na fundi, ngazi na keekee ya kutobolea ukuta.

Nilipofika niliwakuta. Kaka wa mjane alikuwa akisema karibuni, karibuni, huku amesimama katikati ya mlango, mikono miwili kwenye miimo. Fundi, kwa kuwa ni mtu wa Mombasa, alifahamu mara moja. Aliweka keekee chini, akakaa barazani, akawa anatazama barabara. Aliyebaki amesimama ni bosi.

"Huyu mzee anasema nikaribie na hatoki mlangoni," akaniambia. "Ni nini?"

"Dada yake yuko eda. Mwanamume asiye maharimu wake haingii humo mpaka eda imalizike."

"Inaisha lini?"

"Msimu ukiwa umeshaanza."

"Sasa mbona alikubali?"

"Hakukubali, bosi. Alikukaribisha."

Akapendekeza waya upite juu ya paa. Fundi akasema bila kugeuka kwamba atakayepanda paani atauona ua wote, na yeye ana mama na dada, hapandi. Bosi akasema basi uzunguke kichochoroni. Huko waya usingefika, umeshakatwa mfupi, na hata ungefika, mikokoteni ya maji ingeukata siku ya kwanza. Ndipo bosi, kwa kuchoka, akasema neno ambalo najua hakuwa na ubaya nalo.

"Basi fundi avae buibui. Dakika tano tu, nani atajua?"

Nikamsogelea.

"Bosi," nikamwambia, "neno hilo lisikutoke tena mbele ya mlango huu."

Hakuna siku niliyowahi kumjibu hivyo. Akashtuka, akaomba radhi, tena akamwomba radhi na yule kaka, ambaye alisema hapana neno. Nami nikamgeukia yeye.

"Na wewe, mjomba, ungemwambia tu tangu mwanzo kuwa haiwezekani!"

"Ningesemaje, mwanangu? Mtu ameomba kwa adabu zake."

Nilitamani kulia. Mmoja hawezi kulisikia neno "la", mwingine hawezi kulisema, na mimi katikati yao na mama yangu kitandani, msimu unabisha hodi. Nikawaacha hapo hapo. Nikazunguka mpaka mlango wa wanawake, nikapiga hodi.

Mjane alikuwa amekaa mkekani, amevaa nguo nyeupe, tasbihi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kelele gani hizo barazani? Wataka nini hao wanaume?"

Nikamweleza yote, tangu maharusi hadi kadi. Alisikiliza bila kunikatiza. Akauliza huo waya una umeme, nikamwambia ni mdogo mno, haudhuru. Akauliza utapita wapi, nikamwonyesha kwa kidole: juu ya mlango, ushuke na ukuta wa kule, utokee nyuma.

"Na ukiharibika?"

Tulichagua kisanduku, tukachagua kadi, tukachagua waya, tukauliza mji mzima, na hilo hakuna aliyeliuliza. Tena tulishaambiwa kwamba waya wa namna hiyo ukiguswa tu popote, ofisi nzima inalala.

"Maana kila kitu chaharibika," akaendelea. "Leo mwapitisha waya, kesho apite mwanamume kuutazama, kesho kutwa wapite wawili. Eda yangu itakwisha, na ikisha pia hapa ni nyumbani kwa watu, si ofisini."

"Nitautazama mimi," nikasema.

"Wewe wajua?"

"Sijui. Nitajifunza."

Akasogeza punje moja ya tasbihi. "Mamako yu hali gani?"

"Vile vile."

"Haya, jifunze. Na kila ukija uje mlango huu, upige hodi kama leo. Na waya wenu usinipitie juu hapa ninaposwalia."

Sharti hilo la mwisho lilinimaliza, kwa sababu kuukwepa mkeka wake wa kuswalia kulimaanisha kuufuata ukuta wa jikoni, na waya ulikuwa mfupi. Ilibidi uunganishwe kipande, na kiungo kikae humo humo uani, mahali ambapo ni mimi tu ningeweza kukifikia. Nikakaa barazani na fundi, akanifundisha kuvua ganda la waya, kuutenga uzi wa ndani na ule wavu wa nje, na kuzibana ncha za chuma. Fundi alikuwa na ujuzi, subira hakuwa nayo. Kila uzi mmoja wa shaba uliponiponyoka aliguna, akaitupa ncha, akaniambia nianze tena. Nilijikata vidole. Wapita njia walisimama kututazama, wakauliza binti wa fulani sasa amekuwa fundi wa redio? Niliharibu ncha nyingi kuliko nilizofunga, na kila niliyoiharibu ilikuwa imetoka Mombasa.

Kisha nikaingia uani na keekee. Ukuta wa mawe wa zamani hautoboki kwa kubembelezwa. Vumbi jeupe liliniingia machoni, puani, kichwani. Fundi alikuwa upande wa pili, akipiga kelele kupitia tundu.

"Vuta!"

"Navuta!"

"Hujavuta!"

"Umeukanyaga wewe!"

Alikuwa ameukanyaga kweli. Mjane naye alikuwa nyuma yangu, akinirekebisha kutoka mkekani: hapo umepinda, hapo wauacha unaning'inia, hapo kuku atautia mdomo. Nikipigilia msumari, anauliza kama sina macho. Nilikuwa nimeshuka ngazi mara kwa mara mpaka magoti yakaniuma, na ndani ya kichwa changu nilikuwa nikigomba na watu wote walionitangulia duniani, akiwamo yule aliyevumbua kompyuta.

Waya ukafika. Kompyuta zikawashwa zote tatu, na hazikuonana. Hata zile mbili zilizowahi kuonana hazikuonana. Fundi alikagua kila ncha niliyofunga, za uani nikamkagulia mimi huku akinielekeza kupitia tundu, nami nikiogopa kila moja, kwa kuwa nilijua kosa likiwa langu hakutakuwa na muda wa kujifunza tena. Ncha zangu zote zilikuwa sawa. Akazunguka mpaka chumba cha bosi, akainama nyuma ya kompyuta yake.

"Kizibo kiko wapi?"

"Kile kidude kidogo?" bosi akasema. Akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akakitoa, akakipangusa. "Nilikitoa nikakiweka. Nilidhani ni cha akiba, nisije nikakipoteza."

Fundi alikaa sakafuni. Sura yake ilikuwa kama ya mtu anayemwomba Mungu amwepushe na kesi. Kisha akanyoosha mkono, akapewa kizibo, akakirudisha mahali pake.

Nikazunguka tena, kona, kahawa, cherehani, nikaketi mbele ya kompyuta yangu, nikaandika chumba kimoja cha Bofa. Karani wa magari akasema anakiona. Na kutoka nyuma, kupitia lile tundu la ukutani, tukamsikia bosi akipaza sauti kama mtu aliyefunga bao: "Nimekiona! Nimekiona!"

"Na mimi nimekusikia!" mjane akamjibu kutoka uani.

Bosi aliwapigia simu washirika wa ng'ambo papo hapo. Nilimsikia akisema kazi imekamilika, na kwamba aliisimamia mwenyewe hatua kwa hatua. Sikujali, au tuseme nilijali lakini si siku ile. Alipokata simu alikuja mpaka mlango wa mbele kuniambia kwamba tunabaki Malindi. Nikamwomba ruhusa niende nyumbani.

Niliingia chumbani kwa mama na vumbi langu kichwani, sijanawa. Nikamkuta ameegemezwa kwa mito, amesukwa nywele, amevalishwa leso mpya. Kando ya kitanda palikuwa na furushi kubwa limefungwa. Nguo zake zote zilikuwa humo. Jirani ndiye aliyemfungia.

"Dada yangu yuaja kesho kunichukua, niende nikakae naye Mambrui," akasema kwa ule ulimi wake mzito. "Wewe nenda Mombasa na kazi yako. Kijana mzima hafungwi na kitanda changu."

"Mmepanga lini hayo?"

"Siku nyingi."

"Lakini nilikwambia tunaziunganisha!"

"Uliniambia. Nami nilikuwa nikikuona ukirudi kila siku umenuna. Nikajua haziungani."

Wiki zote hizo nilikuwa nimemkasirikia bosi, na muuza kadi, na mjomba wa barazani, na fundi, na ukuta. Lakini sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia mama yangu alasiri ile. Dada yake alikuwa mzee kuliko yeye, mgongo umepinda, angemgeuza kwa nguvu gani? Na mama alikuwa ameshalikubali jambo hilo, amelala nalo kitandani siku zote hizo, akiningoja tu niondoke. Nikamwuliza nani kamwambia nataka kuachiliwa. Nilipiga kelele, mimi ambaye sikuwahi kumpandishia mama sauti. Naye akalia kwa ule upande wa uso uliokuwa bado unaweza.

Tulipotulia, akanitazama.

"Zimeungana kweli?"

"Zimeungana."

"Zote?"

"Zote tatu, mama."

Akavuta pumzi, akasema basi jirani aende akampe habari dada yake asisumbuke kuja. Nikakaa chini, nikalifungua lile furushi, nikaanza kuzirudisha leso kabatini moja moja huku bado nikifoka, naye ananielekeza ipi iwekwe wapi.